Jozi Milioni Nne

Mji wa Kwatoni ulikuwa ng'ambo ya reli pale Soga, ukielekea Ruvu, ambako pori la Pwani linagombania ardhi na mihogo na mikorosho iliyozeeka. Ni mji wa wanyama. Ukipita leo kwa treni ya umeme hutauona, kwa sababu treni ina haraka na mji hauna taa. Lakini kima wazee wa pale stesheni wanasimulia walichoachiwa na babu zao: kwamba enzi za reli ya Wajerumani, ile iliyofika Morogoro mwaka 1907, abiria walikuwa wakichungulia dirishani Soga na kuulizana hizo nyundo zinazogongwa tangu alfajiri ni za wapi.

Zilikuwa za kwa Mzee Nungunungu. Mzee huyu hakuwa na cheti. Alikuwa na miiba mgongoni, na kila mwiba ni msharasi. Alianza kwa kushona makubazi ya ngozi. Baadaye, ngozi ilipokuwa haba, akachonga katambuga kutoka matairi yaliyotupwa kando ya Barabara ya Morogoro. Mteja akija alimwambia akanyage majivu, akakata soli kwa kufuata alama ile, akamvisha, akamtuma atembee hadi kwenye mkorosho na kurudi. Kisha akauliza swali moja: "Panakubana wapi?" Akanyamaza asubiri jibu. Mbuzi, ambaye ni mlalamishi wa kuzaliwa, aliwahi kurudisha jozi moja mara nne, na mara zote nne mzee aliifumua akaishona upya bila kununa. Utajiri wote wa Kwatoni ulitokana na swali lile na ubishi wa Mbuzi.

Ngozi ililetwa na nyoka. Nyoka hujivua gamba wenyewe, bila azimio la chama wala semina elekezi, na hapo awali magamba yale yalikuwa yakiozea vichakani. Bi. Chatu ndiye wa kwanza kuleta lake karakana. Akalipwa papo hapo, mayai sita ya kanga, kwani mayai ndiyo yaliyokuwa fedha ya mji. Habari zikaenea shimo kwa shimo. Fedha inayooza ina faida yake: hakuna anayeifungia kabatini. Iliyoingia asubuhi ilikuwa imekwisha kutumika jioni, kwa Panya Buku aliyefungua mgahawa, kwa mnana waliojenga vyumba vya kupangisha, kwa mchwa waliokuwa mafundi waashi. Hondohondo akaajiriwa kupiga king'ora cha saa moja asubuhi. Wanyama wa Kisarawe, kutoka misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wakawa wanakuja kutafuta kibarua, wakipata wanabaki, wakikosa wanabaki vilevile.

Mwaka 1967, Arusha walipotangaza Azimio lao, Kwatoni nao wakatangaza la kwao. Karakana ya mzee ikawa kiwanda cha umma. Wapo wanaopenda majibu mafupi, na hao watakwambia mji ulikufa siku hiyo. Mimi sikubaliani nao. Kwa miaka kadhaa baada ya Azimio, kiwanda kilienda vizuri kuliko mwanzo. Kilijenga zahanati, watoto wa panya walisoma bure, na vibarua waliokuwa wakilala chini ya treni mbovu wakapata nyumba zenye milango. Kosa la siku hiyo lilikuwa dogo, nalo halikuandikwa popote: Mzee Nungunungu alipandishwa cheo. Akafanywa Mshauri wa Heshima, akapewa kiti chenye foronya, akakatazwa kushona kwa sababu haipendezi mshauri kushika gundi. Swali lake likabaki bila mtu wa kuliuliza.

Meneja Mkuu akateuliwa Ndugu Ngiri. Sina ubaya na Ngiri. Alikuwa mwaminifu, na mayai ya umma hakuyagusa. Ila ngiri ana desturi ya kuingia shimoni kinyumenyume, uso ukiangalia mlangoni, asije akavamiwa. Kwa mnyama wa porini ni busara. Kwa meneja maana yake ni kwamba macho yalikuwa mlangoni saa zote, kutazama nani anakuja kutoka wizarani, na mashine zilikuwa nyuma yake. Mteja naye hakuwa mlangoni wala nyuma. Alikuwa dirishani, amepanga foleni, akiambiwa saizi yake itakuja mwezi ujao.

Ikaundwa Bodi ya Magamba. Bodi ikapanga bei moja kwa nchi nzima, gamba la chatu sawa na gamba la nyoka wa majani, na badala ya mayai ikatoa stakabadhi. Stakabadhi ya Machi ililipwa Novemba. Ya Novemba haikulipwa. Nyoka si wajinga. Wakaanza kujivua magamba usiku, mbali, upande wa Bagamoyo, kwa walanguzi waliolipa yai moja tu lakini wakalitoa hapo hapo. Bodi ikatangaza kwamba nyoka wa siku hizi wamekuwa wavivu wa kujivua.

Haya yana ndugu zake katika nchi ya binadamu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Katika miaka hiyo hiyo vikajengwa viwanda vya kubangua, jumla 12, kimoja hapo jirani Kibaha. Wakati mashine zinasimikwa, mkulima alikuwa amehamishwa na Operesheni Vijiji akaacha mikorosho yake kilomita kadhaa nyuma, bei aliyopewa ilikuwa ndogo, na ubwiriunga ulikuwa umeingia kwenye maua. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Viwanda vilikuwepo, korosho hazikuwepo. Mikorosho inayozeeka pale Soga, ukiiuliza, inayo ya kusema kuhusu stakabadhi.

Ndipo akaja Kunguru.

Alishuka treni akitokea Dar es Salaam, na mkoba. Ukoo wake uliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 kwa kazi ya kusafisha taka, ukavuka hadi bara, na tangu hapo haujapata kukosa ajira. Mtaalamu Kunguru hakukanyaga kiwandani. Aliruka juu yake mara mbili, akala chakula cha mchana kwa Panya Buku kwa gharama za mradi, akaandika ripoti. Ripoti ilisema Kwatoni inajichosha kwa wateja wadogo. Mbuzi ana miguu minne na kelele nyingi. Punda minne, na hana fedha. Kuku miwili, na mmoja wa hiyo ameukunja wakati mwingi. Soko la kweli, akasema, ni Jongoo.

Hesabu ilikuwa safi. Jongoo mmoja, miguu 200, yaani jozi 100. Jongoo 40,000 kutoka Soga hadi Kisarawe, ni jozi milioni nne. Kila mwaka. Ndugu Ngiri aliirudia mwenyewe mchangani kwa pembe ya jino lake na ikatoka ileile. Wajumbe wa bodi wakapiga makofi kwa sababu hawakuwahi kuona hesabu inayotoka sawasawa namna ile.

Jongoo mwenyewe alialikwa kwenye kikao. Tuseme kweli, barua ilipelekwa. Lakini kikao kilikuwa saa nne asubuhi ya Jumanne, na Jongoo alifika Alhamisi jioni, akipapasa njia, maana haoni. Kila mtoto wa Pwani anajua kwa nini haoni: alimwazima nyoka macho yake aende nayo harusini, nyoka akanogewa na ngoma, na mpaka leo hajarudisha. Mlinzi alimwambia mradi umeshapitishwa na asante kwa ushirikiano.

Fedha zikakopwa kwa Mamba wa Ruvu. Watu humsingizia Mamba hila nyingi. Hakuwa na hila. Aliisoma ripoti ya Kunguru akaiamini, kama alivyoamini ripoti zote zilizokuja na jalada gumu. Sharti lake lilikuwa moja na alilisema waziwazi: mkopo unatolewa nchi kavu, marejesho yanapokelewa majini. Mashine zikatoka ng'ambo ya mto, na spea zake ng'ambo ya mto, na gundi, na rangi, na hata misumari.

Mchoro wa jengo ulitoka nchi ambako viatu huvaliwa kukwepa theluji. Kuta za alumini, hakuna matundu ya kupitisha hewa. Sasa jaribu kukaa ndani ya sufuria hiyo mwezi wa Februari hapa Soga. Gundi iliyeyuka ndani ya kopo. Sungura wa kitengo cha kukata alizirai akiwa amesimama, akaandikiwa onyo kwa kulala kazini. Mchwa, ambao wamekuwa wakiweka matundu ya hewa kwenye vichuguu tangu kabla ya gharika ya Nuhu, walikwenda kutoa ushauri. Wakaambiwa ushauri unapokelewa kwa maandishi, nakala tatu.

Msomaji asidhani nawasingizia wanyama. Mbele kwenye reli hiyohiyo, Morogoro, mji kasoro bahari, binadamu walijenga kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia. Uwezo wake ulipangwa jozi milioni nne kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Kuta zilikuwa za alumini, bila mfumo wa kupitisha hewa. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo huo, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Hakikuwa peke yake: Morogoro ya miaka ile ilikuwa na magunia, turubai, polyester, ngozi na mafuta ya kula, na vijana walikuwa wakihamia huko kama wanavyokwenda leo Kariakoo. Ngozi nayo ilikuwepo nchini, kwani Tanzania haijawahi kupungukiwa ng'ombe, na viwanda vya kusindika vilikuwepo Morogoro, Moshi na Mwanza. Kilichokosekana ni mtu wa Ulaya aliyewahi kuulizwa panambana wapi.

Kwatoni jozi za kwanza zilitoka baada ya miaka miwili. Zilikuwa ndogo kama ganda la njegere, zote za mguu wa kushoto, kwa kuwa mashine ya kulia ilikuwa inasubiri mkanda. Zikapangwa ghalani. Ghala likajaa. Ngiri akaandika wizarani kwamba uzalishaji umevuka lengo la robo mwaka na kwamba kiwanda kinahitaji ghala la pili.

Kisha yakaja mambo ambayo Kwatoni haikuyaita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vita ya Kagera ikaanza mwaka uliofuata. Bei ya mafuta ikapanda mara ya pili ndani ya miaka sita, na ya kahawa na katani haikupanda nayo. Fedha za kigeni zikaisha. Nchi nzima, katikati ya miaka ya 1980, viwanda vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Ningekuwa wakili wa Ngiri ningesimama hapo hapo kwenye utetezi, na ningepata huruma ya mahakama. Ila hakimu mkorofi angeuliza: katambuga zinahitaji fedha gani ya kigeni? Tairi bovu lipo barabarani, mwiba upo mgongoni kwa mzee, na mzee amekalia foronya.

Mayai yalipopungua, Hazina ya Kwatoni ikaanza kulipa mishahara kwa makaka ya mayai. Yanafanana na yai ukiyatazama kwa mbali. Mwezi wa kwanza Panya Buku alipokea kaka moja kwa sahani. Mwezi wa tatu akataka makaka kumi, mwezi wa sita akataka gunia, mwezi wa saba akafunga mgahawa akaenda Mlandizi kuuza mkaa.

Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na neno la mjini likawa ruksa, mipaka ya Kwatoni nayo ikafunguliwa. Zikaingia robota za mitumba. Ndani yake mlikuwa na raba mtoni, zimetumika lakini ngumu, za rangi zote, miguu yote miwili. Wa kwanza kwenda kununua alikuwa Mbuzi. Muuzaji hakumuuliza panambana wapi. Alimwambia hakuna kurudisha, pakibana akate kwa mbele. Mbuzi akakata kwa mbele. Kwenye mkutano wa wafanyakazi akaitwa msaliti wa viwanda vya nyumbani, naye akasimama akasema alipanga foleni dirishani miaka saba, na alichoonyeshwa ni kiatu cha Jongoo cha mguu wa kushoto. Hakujibiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya umma yakawekwa sokoni. Lazima niseme, kwa haki, kwamba si kila mnunuzi ni fisi. Kiwanda cha polyester cha Morogoro kilipata mwenyewe, leo kinaitwa 21st Century Textiles na kinasokota. Kwatoni hawakuwa na bahati hiyo. Kwao alikuja Bwana Fisi mwenyewe, kwa jina na kwa ukoo. Mkataba ulimtaka akiendeleze kiwanda. Haukusema akiendeleze kwenda wapi. Usiku wa kwanza alikwenda na mashine ya kulia, ambayo mkanda wake ulikuwa umefika wiki ile. Usiku wa pili, ya kushoto. Vyuma vikauzwa kwa kilo, alumini ya ukutani ikawa masufuria, na kiwanja, ambacho ndicho alichokitaka tangu mwanzo kwa kuwa kipo karibu na reli, kikawekwa rehani kwa Mamba kwa mkopo mpya. Ukumbi uliobaki ukapangishwa kwa Mbuzi na wanawe. Wanalala pale mpaka leo. Wanalalamika joto.

Waliokuwa wafanyakazi wakaambiwa wafuatilie mafao yao. Kobe, fundi wa soli, ndiye aliyechaguliwa na wenzake kwenda kufuatilia, kwa sababu alikuwa mvumilivu. Alipofika ofisi ya kwanza aliambiwa faili lipo ofisi ya pili. Ofisi ya pili ilitaka muhuri wa kiwanda. Muhuri alikuwa nao Fisi, na Fisi alisema muhuri ulikuwa wa chuma. Kobe bado yupo njiani, na kila anapopita wajukuu wa wenzake humuuliza kama mafao yametoka.

Kila baada ya miaka michache wazee wa Kwatoni hukaa chini ya mkorosho kujadili nani aliuua mji. Ngiri anasema ni Mamba na masharti yake. Mamba, kutoka majini, anasema ni usimamizi mbovu. Nyoka wanasema Bodi, Bodi inasema walanguzi, vijana wanasema Azimio ingawa hawakulisoma, na wazee wanasema ruksa. Fisi huwa anakubaliana na kila msemaji. Mzee Nungunungu amealikwa mara nyingi kama mgeni rasmi na hajawahi kupewa nafasi ya kuzungumza, ila huwa anatazama miguu ya wajumbe. Wengi wanachechemea.

Kikao cha mwisho nilichosimuliwa kilifanyika baada ya Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Soga ikapata stesheni mpya ya vioo. Kunguru alirudi. Mkoba sasa ulikuwa kompyuta. Akawaeleza kwamba binadamu wana kongani ya viwanda Kwala, kwamba ukanda huu wote wa Kibaha unakuja juu, na kwamba Kwatoni ikizubaa itaachwa. Hilo, mimi naona, hakukosea. Akafungua takwimu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Jongoo.

"Samahani, ndugu mwenyekiti," ikasikika sauti kutoka chini ya meza.

Alikuwa Jongoo. Tangu siku ile mlinzi alipomrudisha hakuwa amekwenda kwao. Aliona, au tuseme alihisi, kwamba njia nzuri ya kuwahi kikao kijacho ni kutoondoka. Akapewa dakika mbili. Akasema anashukuru kwa kufikiriwa kwa miaka yote hiyo. Akasema miguu yake 200 haina tatizo: anatembea polepole, mwiba anaugusa kwa mguu wa kwanza na ile 199 inaukwepa. Tatizo lake ni kwamba hajui anakokwenda. "Viatu sihitaji. Nataka macho yangu."

Wajumbe wakageuka kumtazama Bi. Chatu, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa Bodi ya Magamba. Bi. Chatu akafunga faili, akasema suala la macho halimo kwenye ajenda, lipelekwe kamati ndogo, na chakula kimeshaiva.

Wakainuka. Kunguru peke yake alibaki mezani, amekwisha kufungua ukurasa mpya, anamuuliza katibu kama kuna takwimu za kuaminika kuhusu mahitaji ya miwani.